Kilo zinarudi kila nikimaliza dayati, nifanyeje zisirudi tena?

Swali nililotumiwa, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nina miaka 38, naishi Igoma, nauza mitumba pale Mlango Mmoja. Mwaka juzi nilikuwa na kilo 94, nikaacha kabisa ugali na wali, nakula mlo mmoja kwa siku na maji ya ndimu asubuhi, ndani ya miezi minne nikafika 78. Watu wakanisifia sana. Sa hivi nipo 92. Nimejaribu tena mara mbili, nashuka alafu napanda. Mume wangu anasema sina msimamo na mimi naanza kuamini. Desemba tuna sendofu ya mdogo wangu, nataka nitoe kilo 15, ila safari hii zikitoka zisirudi. Hiyo njia ipo au watu wananidanganya?"

Marahaba mdogo wangu. Mimi sio daktari, ni mtu wa lishe, ila swali lako liko ndani ya kazi yangu kabisa maana hapa Mwanza haipiti wiki sijalisikia, na wanaouliza wengi ni wanawake wa rika lako, wana biashara zao, wana familia, walishapungua na kupungua wanakujua vizuri tu. Njia ipo. Ila ngoja kwanza tulimalize hili la msimamo, sababu ukianza safari nyingine huku unaamini huna msimamo utaishia njiani mapema.

Mtu aliyekaa miezi minne bila kugusa ugali kwenye nyumba ambayo kila usiku ugali unasongwa, na anayeusonga ni yeye, anapakulia watoto, anampakulia baba yao, alafu anakaa pembeni na glasi yake ya maji, huyo mtu ana msimamo kuliko wengi ninaowajua. Kilichokosekana ni mtu wa kukwambia kwamba kupunguza uzito ni kazi moja na kuulinda ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ndo ndefu, haina sifa, hamna anayekupigia makofi ukiifanya, na karibu hamna anayeiuza. Nikimuuliza mtu dayati yake ilikuwaje ananieleza mpaka saa ya kunywa maji. Nikimuuliza wiki iliyofuata baada ya kumaliza ulikula nini, ananijibu "nilirudi kawaida". Sasa hiyo kawaida ndo iliyokufikisha 94 mwanzoni, ikikurudisha kule kule wala haijakosea njia.

Alafu kuna mwili wenyewe. Mwili haujui kama kuna sendofu, unachojua ni kwamba chakula kimepungua ghafla, na kwa bibi zetu huku Usukumani chakula kikipungua ghafla ilikuwa mvua imekataa, kwa hiyo unajilinda. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake pale Rockefeller University, New York, waligundua homoni inaitwa leptini, inatengenezwa na mafuta yenyewe ya mwilini na kazi yake ni kuupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo kiasi gani. Ukipungua leptini inashuka, ubongo unasoma akiba imeliwa, unaanza kufanya mambo mawili kwa pamoja, unakuongezea njaa na unabana matumizi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne kule Australia wakatoa majibu ya utafiti wa watu waliokuwa kwenye dayati kali sana ya wiki 10, wakawapima homoni za njaa, alafu wakawapima tena baada ya mwaka. Mwaka mzima umepita, uzito wa wengi umeshaanza kurudi, na bado homoni za njaa hazijarudi zilipokuwa kabla ya dayati! Kwa hiyo ile njaa uliyokuwa unaisikia miezi na miezi baada ya kufika 78, ukawa unajilaumu kwamba we ni mlafi, ilikuwa kitu halisi kabisa kinachopimika kwenye damu.

Kuna wengine wanajulikana zaidi, wale washiriki wa shindano la kupungua kwenye televisheni ya Marekani, The Biggest Loser. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia 14 miaka sita baada ya shindano, majibu yakatoka 2016. Wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao kwa wastani ilikuwa inachoma kalori kama 500 pungufu kwa siku ukilinganisha na ilivyotegemewa kwa mtu wa ukubwa ule. Na makadirio ya huyo huyo Hall ni kwamba kila kilo moja unayopungua, mwili unapunguza matumizi kama kalori 20 mpaka 30 kwa siku, wakati hamu ya kula inapanda kama kalori 100 kwa siku. Umeona hapo, njaa ndo inapanda zaidi kuliko matumizi yanavyoshuka. Ndo maana mimi nikipanga na mtu kitu cha kwanza naangalia atashibaje, kalori baadaye.

Na kabla sijaenda mbele, kuna suala la maji ambalo linawavuruga watu sana. Mwili unatunza wanga kidogo kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya huo wanga inakaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha ugali na wali ghafla akiba ile inatumika, maji yanatoka, wiki ya kwanza mizani inashuka kilo mbili au tatu na unaona hii ndo dayati ya kweli. Siku ukila ugali usiku mara mbili mfululizo maji yanarudi, mizani inapanda, unasema "mimi na ugali hatupatani", unakata tamaa, unaachia kila kitu, na hapo sasa ndo mafuta ya kweli yanaanza kuja. Kuongeza kilo moja ya mafuta kunataka ziada ya kalori kama 7,700 hivi. Hamna mtu aliyezila hizo kwa ugali wa siku mbili. Kwa hiyo ukiona mizani imeruka kilo moja na nusu usiku mmoja, tulia, hayo ni maji na chumvi na chakula kilichopo tumboni.

Haya, wanaofanikiwa wanafanya nini? Kule Marekani tangu 1994 kuna daftari la watu waliopungua kilo 13.6 au zaidi na kukaa nazo mwaka au zaidi bila kurudi, National Weight Control Registry, lilianzishwa na Rena Wing na James Hill, na limeshaandikisha zaidi ya watu 10,000. Walipungua kwa njia tofauti tofauti kabisa, mwingine alikata wanga, mwingine mafuta, mwingine alijipangia mwenyewe nyumbani. Wanapofanana ni baada ya kupungua. Karibu wote wanafanya mazoezi, wastani kama saa moja kwa siku na zoezi lenyewe zaidi ni kutembea, robo tatu yao wanapanda mizani angalau mara moja kwa wiki, wengi wanakula asubuhi kila siku, na chakula chao wikiendi hakipishani sana na cha siku za kazi. Ni watu waliojiandikisha wenyewe na ni Wamarekani, kwa hiyo sikwambii kila wanachofanya ndo dawa, ila ukiisoma hiyo picha unaona hamna hata mmoja aliyemaliza. Wanaendelea tu.

Sasa tuje kwako. Kilo 15 mpaka Desemba mimi sikushauri. Nakushauri utoe tano au sita, yaani kutoka 92 mpaka 86 au 87, alafu usimame hapo. Usimame kwa makusudi, miezi sita usiongeze wala usijilazimishe kupunguza. Najua inauma, umeshafika 78 unakujua, ila hujawahi hata mara moja kukaa sehemu moja kwa miezi sita, na hicho ndo kitu unachotakiwa kujifunza, ukishakijua kwenye 86 utakijua kwenye 80. Na usidhani kilo sita ni kidogo, kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 kwa watu waliokuwa wanaelekea kupata kisukari, lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Asilimia 7 kwako ni kama kilo sita na nusu. Sare ya sendofu mpelekee fundi wiki chache kabla ya siku yenyewe akupime ulivyo siku hiyo, na aache upana kidogo kwenye mshono. Mambo ya kushonesha nguo ndogo ili ikulazimishe kupungua yaache kabisa, ndo yanayowarudisha watu kwenye ndimu na mlo mmoja.

Chakula. Ugali urudi mezani, na urudi tangu siku ya kwanza ya kupunguza, sio baada ya kumaliza. Kanuni yangu ni moja tu hapa: usifanye kitu chochote cha kupungua ambacho huoni ukikifanya miaka mitano ijayo ukiwa hapo hapo Igoma na mume huyo huyo na watoto hao hao. Kuacha ugali moja kwa moja huwezi, tusidanganyane, na wala hakuna haja.

Fanya hivi siku moja ambayo huna haraka. Nenda dukani kakate robo kilo ya unga, wa sembe au dona vyovyote, hiyo robo ina kama kalori 900. Isonge peke yake kwenye sufuria ndogo, ugeuze kwenye sahani, alafu ugawe vipande vitatu sawa. Kipande kimoja ni kalori 300 hivi. Kiangalie vizuri, kishike mkononi ujue kinavyokaa kwenye kiganja, maana hicho ndo cha kwako cha usiku, na ukilinganisha na ulichokuwa unamega kwenye sinia la familia utajua mwenyewe tofauti iko wapi. Mkila kwenye sinia moja hamna anayejua amekula kiasi gani, hilo ndo tatizo la sinia, kwa hiyo chako kipakue kwanza kwenye sahani yako kabla hujapeleka mezani, mboga za majani zijae nusu ya sahani, mchicha, matembele, mlenda, chochote kilichopo, na robo iliyobaki iwe samaki au maharage au dagaa. Ukimaliza ukaona bado, ongeza mboga na kitoweo, ugali usiongeze.

Na hapa kwetu tumebarikiwa kwenye kitoweo, watu wa mikoa ya mbali na ziwa wanatamani. Protini ndo inashibisha muda mrefu kuliko wanga na mafuta, na inasaidia misuli isiondoke unapopungua. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kopo moja la pale Mwaloni Kirumba linalisha nyumba nzima. Shida yetu haiko kwenye samaki, iko kwenye karai. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, na sato mkubwa anayekaangwa akazama anatoka na vijiko vyake kadhaa. Kama huamini jipimie mwenyewe: mimina mafuta kwenye kikombe kabla ya kukaanga, weka alama, mimina kwenye karai, kaanga samaki wako, yakipoa yachuje uyarudishe kwenye kikombe kile kile. Kilichopungua mmekila, gawa kwa idadi ya samaki. Wengi nikiwapa hilo zoezi wanarudi na macho yametoka! Sato wa kuchemsha na nyanya, ndimu, kitunguu na pilipili hoho ni mtamu, na sangara wa mchuzi mwepesi ni mtamu, dagaa ukiwapukuchua vichwa ukawaosha kwa maji ya moto ukawakausha kwenye sufuria kavu kwanza, kijiko kimoja cha mafuta kinawatosha. Wa kukaanga mle Jumapili, simkatazi mtu samaki wa kukaanga maisha yake yote.

Mchana najua unakula kwa mama lishe hapo sokoni. Zungumza naye, we ni mteja wake wa kila siku atakusikia: ugali nusu, mboga ziwe mara mbili, samaki wa mchuzi, na yale mafuta ya juu ya mchuzi asikumwagie. Sio lazima ubebe kontena lako la majani kama mgonjwa. Na usiruke mchana ili "ubanie" usiku, sababu ile ya mlo mmoja uliyofanya ndo iliyokuwa inakufikisha nyumbani saa mbili usiku unatetemeka, na mtu anayetetemeka kwa njaa hapimi ugali.

Vinywaji nitasema kwa haraka maana unavijua. Soda ya 350 ml ina sukari kama gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai. Chai vikombe vitatu kwa vijiko vitatu vitatu ni vingine tisa. Ukishusha hapo peke yake umeshusha kalori ambazo hazikuwahi kukushibisha. Juisi ya miwa na ya embe hazijasalimika pia.

Kuna hii imani kwamba chakula cha asili hakinenepeshi, naisikia sana kwa Wasukuma wenzangu. Michembe na matobolwa ni chakula kizuri, nakula, nakupendekezea kabisa, ila ni viazi vilivyokaushwa, maji yametoka utamu umebaki, sahani ya michembe na karanga na kikombe cha mtindi ni mlo kamili. Wengi wanaitafuna katikati ya mchana kama kitafunwa alafu usiku wanakula ugali kama kawaida. Hesabu kama wanga wako wa siku hiyo. Karanga hivyo hivyo, gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, chota kwenye kiganja uweke mfuko mbali.

Kutembea. Hapa nataka unielewe vizuri, mazoezi kwenye kupunguza yana mchango mdogo kuliko watu wanavyodhani, unaweza ukatembea saa nzima alafu chapati moja ikafuta yote, ila kwenye kulinda mchango wake ni mkubwa sana. Kwa afya ya kawaida tunasema dakika 150 kwa wiki, kwa mtu aliyepungua anayetaka asirudi wataalamu wa michezo wa Marekani walipandisha mpaka dakika 200 hadi 300, yaani dakika 30 mpaka 40 na kidogo kila siku. Kusimama kwenye meza ya mitumba tangu asubuhi kunachosha lakini hakuhesabiki. Shuka daladala vituo viwili kabla ya sokoni, umalizie kwa mguu, jioni fanya hivyo hivyo kabla giza halijaingia, ukipata shoga wa kutembea naye ndo vizuri zaidi, na Jumapili nenda kando ya ziwa na watoto. Jiji letu lina milima, tumia milima, kupanda kule juu kwenye mawe dakika 10 ni zoezi zito kuliko dakika 10 za tambarare. Alafu mara mbili kwa wiki fanya kitu cha kuchosha misuli, kuchuchumaa na kuinuka huku umeshika galoni la maji, kusukuma ukuta, sababu kila ulipopungua haraka haraka hazikutoka mafuta tu, na misuli ilitoka, na ulivyorudisha yalirudi zaidi mafuta. Ndo maana saa ingine mtu anarudi kwenye kilo zile zile lakini nguo za zamani hazimuingii.

Mizani. Watu wengi wanaacha kupima pale wanapojua wameongezeka, na ni pale pale ambapo kupima kunasaidia. Rena Wing huyo huyo alifanya utafiti uliotoka 2006, watu 314 ambao walikuwa wameshapungua, akawafundisha baadhi yao kujipima kila siku na kujigawia kanda: kijani maana yake upo salama, njano kaa macho, nyekundu umeongeza kilo mbili na kidogo, chukua hatua sa hivi. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kwenye kundi lililokuwa linakutana ana kwa ana kama asilimia 46 ndo waliokuwa wamerudisha hizo kilo mbili na zaidi, wakati kwenye kundi lililokuwa linatumiwa vipeperushi tu walikuwa asilimia 72. Tofauti hiyo ni kubwa. Na wale wa ana kwa ana walikuwa na kikundi, hilo usilisahau, mna vikoba vyenu hapo sokoni, watatu wanne mkikubaliana mnapimana kila Jumatatu hamna gharama.

Kwako tufanye hivi. Mizani moja tu, usihangaike leo ya duka la dawa kesho ya yule kijana wa barabarani, zinapishana. Asubuhi kabla ya kula, nguo nyepesi zile zile, mara moja au mbili kwa wiki, andika nyuma ya daftari la mauzo. Tuseme umesimama 86. Ukiona 88 mara mbili mfululizo kwa wiki mbili, hapo ndo unachukua hatua, na hatua yenyewe ni ndogo na unaijua mapema: wiki tatu hamna soda, hamna cha kukaanga, ugali unarudi kwenye kile kipande chako, na kutembea hakukosekani. Kilo mbili zinatoka bila mateso. Kilo 14 zikisharudi ndo unatafuta tena ndimu. Ila kama ukijipima unashinda siku nzima unalia au unaanza kujinyima mpaka unatetemeka, acha mizani, tumia futi ya fundi kiunoni mara moja kwa mwezi.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya wenzetu havilisemi na hapa kwetu ndo linarudisha watu nyuma kuliko ugali. Maneno ya watu. Ukipungua Igoma watu wanakuuliza unaumwa nini. Wanamwita mumeo pembeni wanamuuliza kama nyumbani kuna shida. Mama mkwe akija anasema mwanangu hakulishi. Unene kwetu umekaa miaka mingi kama ushahidi kwamba maisha yamekubali, na ukonde umebeba hofu ya zile enzi ambazo watu walikuwa wanakonda na kufa, tusijifanye hatukumbuki. Nimeshaona mwanamke aliyefika vizuri kabisa anaanza kula mbele za watu ili aonekane mzima. Jiandae na jibu lako moja fupi, "nimepunguza kwa ajili ya afya yangu, nipo salama", lirudie bila kukasirika mpaka wachoke wao. Hii ni sababu nyingine inayonifanya nikusisitize ushuke polepole, mtu akitoa kilo sita kwa miezi minne sura haisinyai na mtaa haushtuki.

Na mume wako. Hili la kukwambia huna msimamo muoneshe haya niliyoandika, mwambie nimesema hivi: kazi ya kulinda uzito inafanyika kwenye sufuria ya nyumba nzima, na yeye anakula kwenye hiyo sufuria. Kama anataka kusaidia asikuletee chipsi mayai saa nne usiku kwa upendo, akuletee tikiti au papai, na atembee na wewe jioni. Wanaume wengi ninaowaelewesha hivi wanakubali, walikuwa tu hawajui.

Kwenye sendofu yenyewe kula. Vikao vyote vile vya maandalizi, soda na sambusa kila wiki, ndo uviangalie zaidi, maana sherehe ni siku moja na vikao ni miezi miwili. Baada ya sherehe usijiadhibu kwa kushinda na njaa, kesho yake chai, mlo wako wa kawaida, kutembea kwako, basi.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mtandaoni nyingi zina sena, inakuharisha, unapoteza maji na choo, mafuta yako palepale. Vidonge vya kupunguza uzito visivyojulikana viogope kabisa, vingi duniani vimekutwa vimefichwa sibutramini ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Zile sindano mpya za semaglutidi unazozisikia ni dawa ya kweli na zinafanya kazi, ila ni za kuandikiwa na daktari, na waliozitumia kwenye utafiti mkubwa walipoziacha, ndani ya mwaka walirudisha kama theluthi mbili ya kilo walizokuwa wamepoteza. Kwa hiyo hata sindano haijafuta ile kazi ya pili.

Mwisho kuna dawa unazoweza kuwa unatumia sasa hivi, hukuniambia. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito, kama ulianza kupanda ulipoianza mwambie muuguzi wa kliniki akuoneshe njia nyingine, zipo. Pia baadhi ya dawa za pumu na mzio za jamii ya steroidi zikitumika muda mrefu, baadhi za afya ya akili, na dolutegravir inayotumika kwenye dawa za VVU, zinaweza kuongeza kilo, na hakuna hata moja kati ya hizo ya kuacha mwenyewe kwa sababu ya uzito, unaenda kuongea na aliyekuandikia. Na kama una presha au kisukari na unatumia vidonge, waambie kliniki kabla hujaanza kupungua, maana dozi iliyokutosha ukiwa 92 inaweza kuwa kubwa ukiwa 86, sukari au presha ikashuka ukaanguka sokoni. Uliza pia wakupime tezi ya shingo kama unachoka sana, unasikia baridi na hedhi imebadilika.